Jino la mashine na mapafu ya mchimbaji

Baada ya mazungumzo yetu ya wiki mbili zilizopita kuhusu bei ya dhahabu, msikilizaji mmoja wa Makanyagio, hapa Mpanda mjini, aliniletea ujumbe ambao umenipa kazi. Anaeleza kwamba ameiona kwenye picha mashine inayochimba makaa ya mawe chini ya ardhi huko China. Ina ngoma mbili kubwa za chuma zilizojaa meno. Zinazunguka na kuutafuna ukuta wa makaa kama mchwa wanavyotafuna boriti, na wanaoiongoza ni watu wachache tu. Anauliza, kwa nini Serikali au matajiri wasituletee mashine hiyo Katavi, vijana wetu wa Ibindi na Dirifu wakaachana na nyundo na tindo?

Swali hilo lina haki yake. Aliyewahi kumwona kijana akipanda kutoka kwenye duara, kope zimekuwa nyeupe kama za mtu aliyeshinda mashine ya kusaga, hawezi kulibeza. Na jibu la harakaharaka, kwamba hatuna fedha, halitoshi. Jibu lenyewe limo katika kitu kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja, yaani jino la ile ngoma. Naomba leo tulitazame jino hilo kwa utulivu, maana nimegundua kwamba linatuhusu kuliko mashine yenyewe inavyotuhusu.

Tuanze na jinsi mashine inavyofanya kazi. Makaa ya mawe hulala ardhini kwa tabaka, kama godoro lililobanwa kati ya mbao mbili. Pale tabaka linapokuwa limelala sawa na limeenea mbali, wataalamu hulichimba kwa njia iitwayo ya ukuta mrefu. Wanachonga njia mbili sambamba zilizoachana mita 200, 300 au hata zaidi, kisha wanaziunganisha, na upande mmoja wa njia ile ya kuunganisha ndio ukuta wa kuvunwa. Mashine hutembea juu ya konveya ya chuma kutoka ncha hadi ncha, ikimenya unene wa karibu mita moja kila inapopita. Nyuma yake husimama safu ya nguzo za haidroliki zinazobeba paa. Mashine ikishapita, nguzo husogea mbele zenyewe, na paa la nyuma huachwa lianguke. Naam, huachwa lianguke kwa makusudi. Mchimbaji wetu aliyekaa miaka mingi akihesabu matimba yake ili duara lisimfunike angeshangaa kusikia hivyo.

Mashine ya namna hii ilianza Uingereza, katika migodi ya St Helens, Lancashire, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mhandisi James Anderton alichukua mashine ya zamani ya kukatia makaa, akaondoa mnyororo wake, akaweka ngoma yenye meno. Kazi ilikwenda mbio, lakini lalamiko likazuka mara moja kwamba makaa yanatoka yamepondekapondeka. Wanunuzi waliozoea mabonge ya kuchoma majumbani walinung'unika. Mitambo ya umeme ndiyo iliyoyapokea, kwa kuwa yenyewe huyasaga makaa kabla ya kuyachoma. Lakini unga ule uliomkera mnunuzi ulikuwa pia hewani, na aliyesimama kando ya mashine alikuwa akiuvuta.

Hapo ndipo elimu ya ngoma ilipopanuka. Nasema ni elimu kwa sababu ina hesabu zake, tena hesabu ambazo mkulima wa Katavi anazijua bila kwenda chuo. Piga jembe lizame, utageuza bonge. Parua ardhi kavu juujuu, utapata vumbi, na jasho litakutoka lile lile au zaidi. Jino la mashine ni jembe hilo hilo, ila linazungushwa.

Tuifanye hesabu yenyewe. Chukua mashine inayotembea mita 6 kwa dakika, ngoma yake inazunguka mara 40 kwa dakika, na kila mstari wa kukatia una meno mawili. Mita 6 ni milimita 6,000. Zigawe kwa 80, maana meno yanapita mara 80 katika mstari ule kila dakika, unapata milimita 75. Hicho ndicho kina kikubwa ambacho kila jino linauma. Sasa mwenye mgodi mwenye haraka aamuru ngoma izunguke mara 60, na meno yawe matatu kila mstari. Meno yatapita mara 180, na kila moja litauma milimita 33 tu. Ngoma itavuma kweli kweli, umeme utaliwa zaidi, mgeni atakayesimama pale atasema hii ndiyo mashine. Kumbe makaa yanayotoka kwa dakika ni yale yale, kwa sababu mwendo wa mashine haukubadilika. Kilichoongezeka ni unga. Wahenga walikwisha kutuonya kuhusu ngoma inayolia sana.

Si kwamba unaweza kupunguza meno na mzunguko utakavyo. Jino likiuma mno huvunjika, au mota hukwama, au kile kishikio cha jino huanza kusugua mwamba kabla jino halijafika. Na mabapa ya ngoma, yaliyojipinda kama parafujo, ndiyo yanayosukuma makaa yaliyokatwa kwenda kwenye konveya. Ngoma ikizunguka polepole kupita kiasi, makaa hukwama humo na kusagwa upya. Mistari nayo ina kipimo. Ikikaribiana mno, meno yanasaga mahali pamoja. Ikiachana mno, linabaki tuta kati ya mfereji na mfereji, na ngoma inalazimika kulibomoa kwa kifua. Wataalamu wa kukata miamba waliofanya majaribio Uingereza katika karne iliyopita waliona kwamba kwa meno yenye umbo la patasi nafasi nzuri ni kama mara mbili au tatu ya kina cha kuuma. Mtu asiyejua angepachika meno mengi iwezekanavyo, kama anayepanda mahindi bila nafasi akidhani atavuna zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nimelipenda kwa sababu linaonyesha jinsi tatizo lilivyo gumu. Kwa kuwa ngoma ni duara, jino haliumi kwa kina kimoja. Linapoanza kugusa ukuta linakwangua tu, linazama taratibu hadi katikati, kisha linatoka likikwangua tena. Umbo la kipande linalokata ni kama mwezi mwandamo, mnene katikati na mwembamba ncha zote mbili. Zile ncha mbili nyembamba ni vumbi tupu. Kwa hiyo hata ngoma iliyobuniwa na bingwa itatoa vumbi, na ndiyo maana maji hayaepukiki. Pembeni mwa meno huwekwa vinyunyizio, na maji hupitishwa ndani ya ngoma yenyewe ili yatokee pale pale jino linapouma. Mvua ya kumwagwa kutoka mbali haifanyi kazi ile ile, kwa sababu vumbi likishapaa ni gumu kulikamata. Na ukizidisha nguvu ya maji kwenye ngoma, yanasukuma hewa yenye vumbi nje, moja kwa moja usoni mwa mwendeshaji. Kila kitu hapo kina kiasi chake.

Vumbi gani tunalozungumzia? Si lile linalokufanya upige chafya; hilo pua inalishika. La hatari ni lile lenye upana wa mikroni 5 au chini ya hapo, yaani sehemu 5 za elfu moja za milimita. Halionekani kwa macho, na kitambaa cha kanga kilichofungwa mdomoni halikijui. Linaingia hadi kwenye vifuko vya mwisho vya pafu na kukaa humo. Kama ni la makaa, mapafu hugeuka meusi. Kama lina silika, yaani unga wa lile jiwe jeupe la kwatzi, pafu hujaa makovu na kukakamaa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna tiba. Aliye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwenzake, na wengi wanaokohoa hudhani ni kifua kikuu peke yake. Marekani mwaka 2014 walishusha kiwango cha vumbi linaloruhusiwa katika migodi ya makaa kutoka miligramu 2 hadi 1.5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Sehemu ya wasiwasi wao ilikuwa kwamba matabaka manene yamekwisha, mashine sasa zinakata na mwamba wa juu na wa chini, na mwamba huo una silika.

Mwamba huo unaleta balaa jingine. Ncha ya jino hutengenezwa kwa kabaidi ya tungsteni iliyoshikanishwa kwa kobalti, ngumu kupita chuma chochote. Ncha hiyo ikilika, jino haliachi kuzunguka; linabaki chuma tupu kinachosuguana na jiwe. Hapo huzaliwa cheche, na nyuma ya jino hubaki mstari wa moto kwenye mwamba. Gesi ya methani inayotoka kwenye makaa hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Tarehe 5 Aprili 2010, katika mgodi wa Upper Big Branch, jimbo la West Virginia, Marekani, mashine ya ukuta mrefu ilikuwa kazini. Ukalipuka moto ulioua wachimbaji 29. Wachunguzi wa serikali yao walikuta kwenye ngoma ya nyuma baadhi ya meno yamelika hadi ncha zake kutoweka, na vinyunyizio kadhaa vya maji havikuwepo mahali pake. Walihitimisha kwamba cheche kutoka hapo iliwasha gesi, na vumbi la makaa ambalo lilipaswa kuzimwa kwa unga wa mawe likaubeba mlipuko kwenye njia zote za mgodi. Nchi tajiri, mashine ya mamilioni, na watu 29 wakafa kwa habari ya meno yaliyolika na matundu ya maji. Sijui kama kuna mfano unaoweza kumfunza mnunuzi wa mashine zaidi ya huo.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa Makanyagio. Mashine ile haiwezi kuchimba dhahabu ya Mpanda, hata tukipewa bure. Dhahabu yetu imo katika mishipa ya kwatzi, na kwenye kipimo cha ugumu wa madini ambacho almasi ni 10, kwatzi ni 7, wakati makaa ya mawe ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa kisu cha jikoni. Kabaidi ni ngumu kuliko kwatzi, lakini haipendi kugongwa pembeni. Ukiiburuza kwenye jiwe lile inamomonyoka kama sahani. Tena mishipa yetu ni myembamba na imesimama, kama kisu kilichochomekwa ardhini. Hakuna godoro la kumenya. Ukuta mrefu utaupata wapi?

Kila mwamba una jino lake. Jino la makaa huburuzwa. Jino la kwatzi hugonga: mashine ya kutobolea inayosukumwa na kompresa hupiga na kuzunguka, kupiga na kuzunguka, na mwamba huvunjika kwa kupondwa. Wazee wa mji huu wanalijua jambo hilo, maana mji wenyewe ulikuzwa na mgodi wa mwamba mgumu. Reli ya kutoka Kaliua, hiyo hiyo tunayosafiria hadi leo, ya karibu kilomita 210, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Uruwira, iliyokuwa na fedha, shaba na dhahabu ndani yake. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, mji ukabaki, na wachimbaji wadogo wakaja wakati wao.

Lakini nisieleweke kwamba swali limekwisha kwa sababu mashine haifai. Tunachopaswa kukichukua kutoka kwenye ile ngoma ni tundu la maji, na tundu hilo kwa mwamba mgumu lilikwisha kubuniwa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani mmoja wa Colorado, George Leyner, alitengeneza mashine ya kutoboa yenye fimbo ya chuma iliyo wazi katikati, akapitisha hewa humo ili ipulize unga utoke shimoni. Unga ukatoka kweli, ukawajaa wachimbaji vifuani, wakaikataa mashine. Akarudi karakanani akapitisha maji pamoja na hewa. Mashine za kutoboa pakavu zilikuwa zimekwisha kupewa jina na wachimbaji wenyewe: mtengeneza wajane.

Tusidhani habari hiyo ni ya mbali. Wapo wazee wa Tukuyu na Kyela, waliokwenda Afrika Kusini kwa mikataba ya WENELA kabla ya Uhuru, ambao kijiji kizima kilijua kikohozi chao. Afrika Kusini yenyewe ilichukua muda mrefu hata haki ikasikika: mwaka 2019 ndipo Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha makubaliano ya kuwalipa fidia wachimbaji wa dhahabu walioumwa silikosisi na kifua kikuu, pamoja na familia za waliofariki. Hao walikuwa na kampuni za kushitaki. Kijana wa duara la Ibindi atamshitaki nani? Mwenye duara ni mjomba wake, mwenye kompresa ni jirani, na anayemlipa ni mfuko wa mawe.

Nimesimama mara nyingi kwenye midomo ya maduara ya mkoa huu. Nimeona mashine za kutoboa ambazo tundu lake la maji lipo, limetengenezwa kiwandani, na halijawahi kuunganishwa mpira. Nikiuliza naambiwa maji yanaleta tope, tope linaleta utelezi, na duara likijaa maji inatafutwa pampu. Sababu hizo si za uvivu, ni za gharama. Lakini gharama ya upande wa pili haiandikwi kwenye daftari la mwenye duara. Inaandikwa kwenye kadi ya kliniki, miaka kumi baadaye, tena mara nyingi kwa jina la ugonjwa mwingine. Na juu ya ardhi mambo si bora. Karasha linasaga jiwe kavu, na akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo wamekaa upande upepo unakoelekea, wengine na watoto mgongoni. Hao hawajashuka duarani hata siku moja.

Iko siku mashine za ngoma zinaweza kutukaribia. Jirani zetu wa Rukwa wana makaa ya mawe Namwele na Mkomolo, na makaa mengi yanayochimbwa nchini leo, kama yale ya Ngaka kule Ruvuma, hutoka kwenye mashimo ya wazi. Mashimo ya wazi yana mwisho. Tabaka likizama, hapana budi kulifuata chini, kama walivyolifuata Kiwira katika mgodi uliojengwa kwa msaada wa China na kukamilika mwaka 1988. Siku hiyo muuzaji atakuja na kitabu chenye picha, atataja nguvu za mota na tani kwa saa. Wawakilishi wetu watakaokaa naye mezani wamuulize ngoma inazunguka mara ngapi kwa dakika, meno mangapi kila mstari, kila jino lina kinyunyizio au halina, na nani atakagua meno kila zamu na kuyabadili bila kuomba ruhusa ya kusimamisha kazi. Akibabaika, wamwache aende na kitabu chake.

Kwa sasa, mashine iliyoko Katavi ni ile ya kutoboa, na tundu lake linangoja mpira. Inahitaji lita chache za maji kwa dakika. Maofisa wa madini wanaokagua baruti na leseni wanaweza kulikagua na hilo tundu katika ziara ile ile. Vikundi vinavyokopeshwa kompresa vinaweza kukopeshwa tangi pamoja nayo. Kinachonisumbua ni maji yenyewe. Masika maduara yanajaa, na pampu zinafanya kazi usiku kucha kuyatoa na kuyaacha yatiririke porini. Ikifika Septemba vijito vimekauka, na hakuna atakayekubali kumimina ndoo ya maji ya kunywa kwenye jiwe. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Ibindi, na swali langu la kwanza kwa wenye maduara litakuwa hili: yale maji ya Februari huwa mnayamwaga wapi, na ingegharimu nini kuyachimbia bwawa?